Joto la Chumba cha Dada Galia

Jumatatu, 1 Julai. Kambi ya wakimbizi ya Smara

Chombo kimefika. Kidogo kuliko kipande cha sabuni. Cheupe, na kijitaa cha kijani kinachokonyeza. Amekileta Teslem, binti wa mtaa huu huu, aliyekwenda kusomea uhandisi Orani na, jambo la kushangaza, akarudi. Amekifunga ukutani chumbani kwa dada yangu Galia, karibu na msumari wa tasbihi.

Alitueleza. Ndani mna kompyuta ndogo kama ukucha, na kihisi kinachosoma joto na unyevu wa hewa. Kila baada ya dakika kumi inatuma ilichosoma, bila waya wowote, kwa intaneti ya kituo cha wanawake. Kutoka pale habari zinapanda kwenye wingu, yaani kompyuta kubwa za watu walio mbali, zinazowatunzia wengine mambo yao. Yeye Teslem anazisoma kwenye simu akiwa popote.

Galia aliuliza, wingu lipi? Ana miaka themanini na kitu, macho yamechoka, lakini masikio ni ya swala. Teslem akaeleza upya. Galia akasema ukoo wetu umefuata mawingu tangu babu wa babu; liliponyesha ndipo hema lilipopigwa. Kama sasa wingu limeanza kutuuliza sisi habari, basi ni adabu, na limechelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba tano za mtaa wetu zimefungwa vyombo. Kamati ya mtaa ina vifaa vya paa moja tu kabla ya Agosti: paa la tabaka mbili, hewa inapita katikati, chokaa juu. Litapewa chumba ambacho chombo chake kitaonyesha joto kubwa kuliko vyote kufikia Jumapili. Na muuguzi wa zahanati alikwisha niambia mwezi Mei, mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba moyo wa Galia hautavuka Agosti nyingine chini ya yale mabati. Sijamwambia mke wangu Salka. Sijamwambia Galia. Naliandika hapa mara moja ili lisiniwashe ulimini.

Kwa hiyo paa ni letu. Lazima.

Nashukuru kwamba jambo limewekwa mikononi mwa kipimajoto, maana mimi ni mtu wa vipimajoto. Wakati wa Wahispania nilikuwa msaidizi katika kituo cha hali ya hewa cha Villa Cisneros, kwetu pwani, kabla hatujakimbia. Sanduku jeupe lenye matundu ubavuni. Ukungu wa alfajiri kutoka baharini. Nyuzi kumi na nane, kumi na tisa, nilizisoma kwa mwanga wa tochi na kuzituma kwa wakubwa wao visiwani kwa simu ya upepo. Nusu karne sasa sijaona ukungu. Lakini kusoma joto nasoma. Mama yake Teslem alikuwa hajazaliwa!

Binamu yangu Deich, jirani yetu ukuta kwa ukuta, naye amefungiwa chombo. Sebuleni kwa wageni. Analitaka paa kwa ajili ya mazulia yake, yasipauke.

Jumanne, 2 Julai

Nilipita kituoni asubuhi, kusalimia tu. Teslem akanionyesha simu bila kuombwa mara nyingi. Chumba cha Galia, nyuzi 41. Sebule ya Deich, nyuzi 42 na nusu.

Haiwezekani. Sebule ya Deich ina kuta za unene wa dhiraa. Nilimwambia Teslem labda chombo cha Deich kina homa. Akasema vyote vimepimwa pamoja kabla ya kugawiwa, na kwamba Deich jana alikuwa na wageni kumi na mmoja ndani.

Nilikutana na Deich mwenyewe njiani. Akaniuliza, "Vipi, Bwana Hali ya Hewa, mbona unatembea kama mtu wa nyuzi arobaini na moja tu?" Nilimjibu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Akasema simba wa umri wetu hula uji.

Nilirudi nyumbani kufikiri.

Mpango. Rahisi, safi, hauna chembe ya uongo. Chai lazima inywewe. Hakuna sheria ya kamati wala ya dini inayosema inywewe upande gani wa chumba. Nikahamisha jiko la mkaa, birika na sinia la bilauri, nikayaweka chini ya chombo. Salka aliuliza kulikoni. Nikasema pale pana hewa nzuri. Akasema hewa ya chumba kile iliaga mwezi wa Aprili.

Tulikunywa asubuhi, tukanywa baada ya chakula, tukanywa kabla ya magharibi. Kila mara bilauri tatu, kama inavyotakiwa. Galia alifurahi sana. Anapenda kuisikia chai ikimiminwa kutoka juu. Alisema miaka mingi sijakaa naye kutwa nzima. Ni kweli, na nimeona haya kidogo. Kila kijitaa kilipokonyeza, niliinamisha kichwa kama mtu anayeitikia salamu.

Jumatano, 3 Julai

Teslem amekuja. Alivua viatu, akamsalimu Galia kwa mikono miwili, akauliza habari za afya, za watoto walioko Hispania, za mbuzi mmoja mmoja, hata nikaanza kutumaini kwamba amekuja kwa hayo tu. Kisha akatoa simu.

Kwenye kioo, mstari mwekundu. Unatambaa vizuri, tambarare, halafu vilima vitatu. Tambarare tena. Vilima vitatu. Tambarare. Vilima vitatu.

Akaniuliza kwa upole kama naviona. Nikasema ni mawimbi ya joto, jambo linalofahamika kitaalamu. Akaweka kidole kwenye kilima cha kwanza. "Baba, hapa mkaa ndiyo kwanza umepulizwa. Hiki cha pili, makaa yametulia. Hiki cha tatu, makaa yanakufa na mtu anaongeza sukari. Chumba chako hakiungui, baba. Chumba chako kinakunywa chai."

Akaongeza kwamba mstari wa unyevu nao uliruka kila birika lilipofunuliwa, na kwamba jana jioni bilauri ya tatu niliimimina haraka mno, si heshima kwa wanywaji. Galia akaitikia kutoka kwenye mto wake, "Nami nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia."

Mgeni angesadiki! Mtu wa Ulaya angeviona vilima vile na kuviandikia kitabu. Bahati mbaya yangu, wingu letu linasomwa na mtoto wa hapa, aliyelelewa kando ya sinia.

Lakini niandike na haki. Hakunisema kwa kamati. Alizifuta saa za chai, akaacha zilizobaki, akakubali kukaa tukamnywesha, upande mwingine wa chumba. Mtoto mwenye adabu ni neema kwa mtaa mzima. Alipoondoka Salka alicheka mpaka akajifunika uso kwa melhfa, shuka lake la kujitanda. Ni muda mrefu sijasikia Salka akicheka vile.

Alhamisi, 4 Julai

Nimetafakari baada ya swala ya asubuhi. Kosa langu lilikuwa kukipandisha cha kwangu. Cha mwenzako kishushe; matokeo ni yale yale na hapana moshi.

Kiriba! Kiriba kizuri cha ngozi ya mbuzi hutoa jasho. Upepo ukipita juu ya jasho lile, maji yanapoa, na hewa inayokizunguka inapoa nayo. Hii ni sayansi, nilifundishwa kwa Kihispania. Nilichukua kiriba cha Salka, kile kidogo, nikakijaza maji, nikampelekea Deich kama zawadi ya ujirani.

Sikuwa nimejiandaa kwa lililotokea. Deich alikishika kwa mikono miwili akanyamaza. Deich, ambaye hajanyamaza tangu tuvuke mpaka. Akasema nyumbani kwake wamebaki na madumu ya plastiki tu, na kwamba mara ya mwisho kunywa maji ya kiriba alikuwa kijana, anachunga ngamia wa baba yake upande wa Tiris. Akanywa. Akageukia ukutani kidogo. Nikakitundika mwenyewe, kiganja kimoja kutoka kwenye chombo.

Alasiri nilipita kituoni kusalimia. Sebule ya Deich: nyuzi 38. Nilitembea kurudi kama bwana harusi.

Nimefika nyumbani, nimemkuta nani? Deich. Zawadi hairudi na mikono mitupu, tena hairudi ikiwa ndogo. Amemletea Galia kiriba cha beberu mzima, kipya, kimepakwa lami kama inavyopasa, kimejaa pomoni. Hakupata pa kukitundika ila msumari ule mmoja, wa tasbihi. Chini kabisa ya chombo. Nikasema haikuwa lazima. Akasema, "Wewe umenirudishia ujana, mimi nikuletee dumu?"

Kukataa zawadi ya binamu mbele ya dada mkubwa, hilo haliwezekani. Afadhali nitembee bila kilemba. Nikashukuru. Meno yameniuma kwa kushukuru.

Galia alikipapasa kiriba kama mtu aliyekutana na shoga yake sokoni. Akanywa. Akasema yana ile ladha, ngozi na lami kwa mbali, na akamwombea Deich dua ndefu isiyokuwa na jina langu.

Ijumaa, 5 Julai

Galia amelala mchana. Mara ya kwanza tangu mwezi Mei. Amelala na mdomo wazi kidogo, kwa amani, na hewa ya kiriba inamfikia usoni.

Nyuzi 37. Balaa.

Nimeandika neno hilo na kulitazama. Mgonjwa wangu amelala, nami naita balaa. Lakini nifikiriwe. Ngozi hupasuka. Gari la maji huja likitaka. Kiriba ni cha kiangazi kimoja, paa ni la miaka ishirini. Mtu mwenye busara huutazama mwezi wa nane.

Kwa hiyo nilijaribu kukitoa kiriba kila kijitaa kilipokaribia kukonyeza na kukirudisha kikishakonyeza. Kizito kama ndama. Nilipokuwa katika safari ya nne au ya tano Galia akazinduka, akasikia maji yanavyocheza, akasema taratibu, "Mdogo wangu, maji yanatoka na kuingia. Tunahama tena?"

Nilisimama mlangoni na kiriba changu kifuani. Nikamwambia kinahitaji kupakwa lami upya, nikakipeleka uani, nikakilaza kivulini.

Salka amenitazama akaniita bwana. Huniita hivyo akiwa amenusa jambo.

Nilipokuwa uani nikaona kopo. Kopo kubwa la maziwa ya unga ya mgao, tupu, linang'aa, limelala juu ya zizi la mbuzi. Nikaligusa. Likaniunguza kidole. Nikatabasamu.

Teslem alisema vilima vya chai vinajulikana. Sawa. Joto la kopo juani halina vilima. Linapanda na jua, linashuka na jua, mstari mzuri kama mgongo wa ngamia mmoja. Kesho mapema nitakitoa chombo ukutani, nitakiweka ndani ya kopo, nitafunika, nitaliweka juu ya zizi. Jioni kitarudi ukutani. Siku mbili tu. Nitalipa kwa dua.

Jumamosi, 6 Julai

Irifi.

Umeanza baada ya alfajiri, upepo wa moto, mchanga hewani, anga rangi ya kutu. Nilikuwa nimekwisha kuweka kopo juu ya zizi. Nilifurahi. Naliandika kwa sababu ni kweli: nilisimama uani mchanga ukinichapa miguu, nikafurahi. Nilisema joto la leo na kopo pamoja, wingu lenyewe litatoa jasho.

Saa sita nilijifunga uso nikaenda kituoni. Teslem alikuwa ananitafuta. Akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo la chombo, maana kimenyamaza tangu asubuhi. Akanionyesha. Mstari wa Galia unakuja, unakuja, kisha basi. Umekatika. Nikamwuliza kama huenda wingu limeelemewa. Akasema wingu halielemewi na nyumba tano. Ama betri imekufa, ama kuna mtu amekifungia chombo ndani ya bati. Mawimbi hayapiti bati. Akanitazama usoni kwa muda, kama daktari.

Hapo ndipo tuliposikia Salka anaita. Kutoka mbali, katikati ya upepo. Nina miaka sabini, nilikimbia.

Galia alikuwa chini, kando ya godoro, ngozi kavu na moto kama ukuta. Aliniita kwa jina la kaka yetu aliyebaki kule ng'ambo ya mpaka. Chumba kilikuwa tanuri. Msumari ulikuwa mtupu. Nilikwenda uani kuchukua kiriba, nikakuta mbuzi wamekitoboa. Maji yote yamekwenda mchangani.

Deich alikuwa amefika kabla yangu. Hakuuliza lolote. Alimpakata Galia kama mtoto, akatoka naye kwenye upepo, akamwingiza sebuleni kwake, akamlaza juu ya yale mazulia. Akakitungua kiriba kile kidogo, cha kwangu, akammwagia maji yote: kichwani, kifuani, mikononi, hata la mwisho. Mazulia yakalowa. Watu wakaingia na kutoka, mlango haukufungwa mchana kutwa. Muuguzi akaja. Salka alikuwa anampepea kwa ubao wa mkate. Mimi nilishika unyayo wake mmoja, ndiyo nafasi niliyoipata.

Jua lilipoanza kushuka Galia alifumbua macho. Aliuliza mbona tumenyamaza kama tuko kwenye sherehe ya Wahispania.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi.

Jumapili, 7 Julai

Upepo umekwisha. Galia amekunywa maziwa, amekula tende, ameulizia habari za mtaa wote. Bado yuko kwa Deich. Muuguzi amekataza asirudi chini ya mabati.

Nilikaa na Deich. Mazulia yake yako nje, yamekunjana, rangi nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Nikasema nasikitika. Akasema zulia likikauka ni zulia. Akasema, "Kiriba chako ndicho kilichomrudisha. Mungu alikutia wazo la kuniletea siku mbili kabla." Nikatazama bilauri yangu.

Kisha akauliza kile chake, cha beberu, kilikuwa wapi. Nikasema kilikuwa kinapakwa lami. Akasema, "Siku ya irifi?" Nikasema fundi hachagui siku. Akanitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka, akanimiminia ya tatu, taratibu, kwa povu zuri.

Nimekitoa chombo kwenye kopo. Nimekirudisha ukutani. Kijitaa kimekonyeza mara moja, kwa unyonge. Chumba hakina mtu.

Jumanne, 9 Julai

Kamati imekaa. Teslem amekuja kutueleza yeye mwenyewe, sote tukiwa sebuleni kwa Deich, Galia akiwa amekaa kwenye mto katikati kama malkia.

Siku iliyoamua ni Jumamosi. Nyumba zote zilipanda, lakini moja iliruka. Akaonyesha mstari: sebule ya Deich inakwenda nyuzi 38, 39, kwa utulivu, halafu mchana inapanda ghafla mpaka 47 na kukaa huko hadi magharibi. Ndio wakati mlango ulipoachwa wazi kwa ajili ya Galia, na kiriba kilipomaliziwa juu yake. Hakuna aliyefanya hila, alisema Teslem. Ni joto la kweli la chumba kilichopokea mgonjwa. Paa ni la Deich.

Salka akauliza, na chumba cha Galia? Teslem akasema, kwa sauti ndogo, kwamba katika irifi ya mwezi uliopita, walipokuwa wanajaribu vyombo, mabati kama yale yalifika 49. Jumamosi ya chumba chetu yangefika huko huko. Paa lingekuwa letu bila mjadala. "Lakini wingu halijui lisiloambiwa, baba."

Hakusema kopo. Hakumtazama mtu. Salka ndiye aliyenitazama. Akaniita bwana, mara mbili.

Ndipo Deich alipokohoa. Alisema paa anakubali, ila kamati ijue chumba hiki si cha wageni tena. Atakayelala chini ya paa hilo ni binti wa ami yake, Galia, kiangazi hiki na vinginevyo, akipenda. Wageni watakaa hemani, wakilalamika watajua njia. Galia akasema hakuna aliyemwuliza yeye. Deich akasema basi anaulizwa. Galia akapapasa ukuta mnene ulio karibu naye, juu hadi chini, kama mtu anayenunua ngamia. Akasema ukuta unafaa, shida ni mwenye nyumba kusema sana.

Nilitoka nje nikajifanya natazama mbuzi. Nililia kidogo. Kwa shukrani, na kwa jambo jingine ambalo si shukrani: miaka arobaini na tisa dada yangu amelala ukuta mmoja nami, mahema na vyumba, na sasa amelala kwa Deich. Na ni sawa. Na ndilo nililolitaka, abaki hai. Mungu hutoa, ila haulizi mtu anataka apewe kwa mkono wa nani.

Ijumaa, 19 Julai

Paa la Deich limekwisha. Jeupe, zuri, limenyooka. Leo nje nyuzi 45, ndani 33. Muuguzi amesikiliza moyo wa Galia, akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu, kwamba Agosti hii ataivuka.

Nakwenda huko kila siku kunywa chai naye. Lazima nisikilize habari za ngamia wa Tiris tangu mwanzo. Nasikiliza. Deich ananimiminia wa kwanza, kabla ya wageni wake. Mimi ni mtu mwenye bahati. Dada hai, mke anayeniita tena kwa jina langu, binamu asiyeuliza swali la tatu.

Nimelifikiria vizuri lile kosa langu, kwa utulivu, kama msomi. Kosa lilikuwa moja tu: kopo lilikuwa la bati. Boksi la karatasi lingepitisha mawimbi.

Teslem alikuwapo leo. Amesema vyombo vitabaki ukutani, na wiki ijayo ataviongezea kihisi cha vumbi. Vyumba vitakavyoonyesha vumbi jingi vitapewa milango mipya, inayofunga sawasawa, yenye mpira pembeni. Alisema hivyo akinitazama mimi moja kwa moja, sijui kwa nini.

Mlango wa chumba cha Galia unapitisha mkono mzima. Tukipata mlango mpya, irifi haitaingia. Mwakani huenda likaja paa jingine. Na dada yangu angeweza kurudi kidogo kidogo, kwanza mchana, kwa chai. Nimempigia hesabu hiyo Galia. Amesema yeye hana haraka.

Zulia la chumba kile halijakung'utwa tangu Idi. Wiki ijayo nitalikung'uta mwenyewe, vizuri, kila siku. Ndani. Nje kuna upepo.